Nafasi Kando ya Mama

Pengo la Dubu,
North Carolina.
Novemba 18, 1984.

Mdogo wangu Arvil,

Nakusalimu kwa salamu za nyumbani, wewe na mkeo Nadine na wote walio chini ya paa lako huko Ohio. Natumaini kifua kimekupa nafuu tangu ulipoandika, na kwamba ile mitungi ya hewa uliyoletewa unaitumia, maana nakujua, daktari akishakuambia fanya hivi ndipo hufanyi. Mimi sijambo. Magoti yananinung'unikia asubuhi, lakini yakishapata joto yananifikisha ninakotaka. Kuku wamebaki tisa, wawili kala mbweha. Maharage nimeyaanika, matufaha nimeyaanika, na asali ya mtama mwaka huu imetoka nyeusi na nzito, kama alivyokuwa akiipika Baba. Nimekuwekea chupa mbili.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nimesimama barabarani kwenye sanduku la posta, nikaisoma tena jikoni, kisha nikaiweka chini ya kopo la chumvi na sikuigusa kwa siku tatu. Usinikasirikie, bado mapema. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ile nafasi ya kushoto kwa Mama kwenye makaburi mapya bado iko wazi, kwa sababu madaktari wamekwambia bila kuzunguka kwamba mapafu yako hayatengenezeki, na unataka mwanao Dale akulete ulale hapo. La pili, umeniomba nikuandikie nani aliishi wapi bondeni kwetu, tangu mdomoni mpaka kichwani, ili mjukuu wako ajue ametoka kwa watu gani, maana shuleni amewaambia kwao ni huko mjini Akron. Hilo la mjukuu lilinichekesha. Lile la kwanza halikunichekesha, na ndilo lililonichelewesha.

Nianze na la pili, kwa kuwa ni jepesi, na kwa kuwa bonde limetoka majini. Ndiyo, Arvil, umesoma sawasawa. Watu wa bwawa wameshusha ziwa lao walilotufunikia bonde ili watengeneze milango ya chini, jambo ambalo hawajawahi kulifanya tangu walipolijaza. Si kule kupungua kwa kila majira ya baridi kunakoonyesha matope ya ukingoni tu. Safari hii maji yameondoka yote, ukabaki mto wenyewe, na kijito chetu kinapita palepale pake pa zamani.

Aliyeniletea habari ni Hobart Crisp. Unamkumbuka Hobart, yule aliyekufundisha kutafuna tumbaku ukaenda ukatapika kanisani. Ana miaka sabini na miwili na adabu bado hajapata. Alisimamisha gari lake uani akapiga kelele nivae buti za marehemu mume wangu, tunakwenda nyumbani. Nikamwambia nina unga mikononi. Akasema unga hauna miguu, bonde ndilo lenye miguu, likiondoka tena sisi sote tutakuwa udongoni. Basi nikanawa nikaenda. Tulipofika ukingoni akanitazama ninavyoshuka kwa fimbo, akasema nikizama kwenye matope yeye hanivuti, ila kuku wangu atawalea kwa mapenzi.

Kwa hiyo haya ninayokuandikia sikuyatoa kichwani. Nimeyatembea kwa miguu.

Mdomoni mwa bonde ni kwa akina Crisp. Walikuja watatu, ndugu wa tumbo moja, wakajenga kinu cha kusagia mahindi pale kijito kinapoangukia mtoni. Nyumba ilichomwa na watu wa bwawa kama zote, lakini jiwe la kinu bado limelala. Hobart alipanda juu yake akasimama. Ukipanda kidogo, upande wa jua la asubuhi, ni kwa akina Proffitt wenye matufaha. Visiki vya bustani yao vimesimama kwa mistari, vyeusi, unaweza kuvihesabu. Ng'ambo yao kanisa na shule, kwenye ardhi waliyoitoa akina Ledford. Yamebaki mawe ya ngazi tu. Tulikaa hapo tukala mkate wa mahindi na nyama ya nguruwe niliyofunga kwenye kitambaa, tukitazama mahali ambapo kengele ilikuwepo.

Kichwani mwa bonde ni kwetu, akina Gunter. Mwandikie mtoto kwamba babu wa babu zake, Enos, alivuka Pengo la Dubu mwaka 1839 na mkewe Keziah, ng'ombe mmoja na sufuria ya chuma. Lakini umwandikie na ukweli pia. Siku zote tulipokuwa wadogo tuliambiwa Enos ndiye aliyefyeka bonde. Hakufyeka. Alikuta mashamba yamefunguka, mahindi ya mwaka uliopita bado yamesimama na mabua yake, na mipichi imechanua ambayo hakuna Gunter aliyeipanda. Wenyewe walikuwa Wacherokee, wenyeji wa milima hii, na askari walikuwa wamewaondoa mwaka mmoja tu kabla yake. Bibi alinisimulia haya siku moja tukimenya pichi, akaniambia nisiyaseme mbele ya wanaume. Keziah alikuta hata jivu kwenye mafiga yao. Aliliondoa akawasha lake. Baba alipoletewa karatasi ya kutuhamisha alikaa nayo kizingitini kutwa nzima, kisha akasema, kumbe hivi ndivyo walivyojisikia wenye mipichi.

Bomba la moshi la nyumba yetu limesimama, Arvil. Lile ulilogonga kichwa. Juu yake kidogo ndipo kilima cha makaburi. Nilimwambia Hobart asubiri chini, nikapanda peke yangu.

Sasa naingia kwenye lile la kwanza, na nakuomba uisome polepole sehemu hii. Kama Nadine ndiye anayekusomea, namwomba yeye pia asiwe na haraka.

Wewe uliondoka mdogo, sijui unakumbuka kiasi gani. Makaburi yetu hayakuwa na maandishi. Kila kaburi lilikuwa na jiwe lake la mtoni kichwani, na kila mtoto alifundishwa jiwe la nani ni lipi. La Mama lilikuwa la kijivu lenye mshipa mweupe. Kila Juni, Jumapili ya Kupamba, tulikwangua nyasi zote mpaka udongo ubaki mtupu, tukainua tuta upya kama la viazi, tukaweka maua ya karatasi tuliyoyachovya kwenye nta ili mvua isiyaharibu. Ili ukwangue vizuri lazima uling'oe jiwe, uliweke kando, kisha ulirudishe. Watu wengi walikuwepo, macho mengi, kwa hiyo hapakuwa na wa kukosea.

Kando ya Mama alilala mgeni. Huyu huenda humkumbuka, maana alikufa ungali na miaka sita. Ni yule mwanamke wa vikapu, Mcherokee wa wale wachache waliobaki ng'ambo, aliyekuwa akivuka mlima kila mwaka na vikapu vyake vya mwaloni mgongoni, akibadilisha kwa nyama na unga. Sisi tulimwita Mama wa Vikapu na hakuna aliyemwuliza jina, jambo ambalo leo linanitia haya. Januari ya 1930 theluji ilimkuta kwetu na homa ikamkuta kwenye theluji. Alifia kitandani mwangu. Mama ndiye aliyemwosha, na Bibi alipotaka kumvua viatu, kwani vilikuwa bado vizima na kulikuwa na wenye miguu mitupu wengi nyumbani mle, Mama alikataa. Alisema mwanamke huyu ametoka mbali na ana mbali pa kwenda, mwacheni na viatu vyake. Akazikwa navyo, viatu vyeusi vya kamba, vyenye visigino vya chuma. Mama naye mwaka uliofuata mapafu yakamshinda, akazikwa kwenye nafasi iliyofuata. Yeye hakuzikwa na viatu. Alimwambia Baba amvue, anipe mimi. Hivyo unavikumbuka, kwa sababu ulikuwa ukinicheka nikitembea navyo, nimevijaza sufu ya kondoo, kwa-kwa-kwa mpaka shuleni.

Juni ya 1942 ndiyo ilikuwa Kupamba ya mwisho. Nusu ya watu walikuwa wameshahama, vijana mko jeshini, Baba kakasirika hataki kwenda popote. Nilikwenda na jembe peke yangu. Nilikwangua mstari wetu wote, nikang'oa mawe yote, nikainua matuta, na nilipokuwa katikati mvua ikaja kutoka Pengo la Dubu, ile mvua ya mlimani isiyokupa nafasi. Zamani kulikuwa na mti mkubwa wa mjozi miguuni pa Mama, ungeniongoza, lakini ulikatwa ukaenda kutengenezewa vitako vya bunduki, hata kisiki kikang'olewa. Nikarudisha mawe mbio mbio huku maji yananiingia machoni. Nilifundishwa kujua jiwe, Arvil. Sikufundishwa kujua mahali. Nilipokuwa nateremka nilihisi kitu kimekaa vibaya, nikajiambia ni baridi.

Mwaka uliofuata watu wa bwawa wakaja na kitabu chao. Kila kaburi lilitakiwa ndugu wa kulionyesha na kutia sahihi, ndipo walihamishe juu kwenye makaburi mapya. Kaburi lisilo na ndugu liliachwa lifunikwe na maji. Baba alikataa hata kuonana nao. Aliniambia niwaambie yeye amekufa, wamzike papo hapo kibarazani, na mkewe Delphia hatikisiki. Nikatia sahihi mimi. Nikanyoosha kidole kwenye jiwe lenye mshipa mweupe. Yule kijana msimamizi, mpole, mtu wa tambarare, akaniuliza lile la pembeni ni la nani. Nikasema la mgeni. Akaniuliza kama ana ndugu. Nikasema sijui. Nilijua walikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku mbili. Nilisema sijui.

Walichimba asubuhi ya Oktoba, jua limewaka. Mbao zilikuwa zimekwisha kuoza. Nilikuwa nimesimama ukingoni kama ndugu anavyoruhusiwa, na nikaona kwenye udongo kisigino cha chuma, halafu cha pili.

Nilijua papo hapo. Viatu vya Mama vilikuwa vimeishia miguuni mwangu. Mdomo wangu ulifunguka niseme simameni, mmekosea, nimekosea, ni huyo wa pembeni. Na hapo hapo Baba akatokea. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu, yeye aliyesema hatakanyaga. Alivua kofia. Wale watu walikuwa wameshafunika sanduku jipya, na yeye akapiga magoti kwenye matope akaweka viganja viwili juu ya kifuniko akasema, "Delphia, nisamehe, nilikwambia hutahama." Alilia kwa sauti. Hata siku Mama alipokufa sikumwona akilia. Yule msimamizi alinisogelea akaniuliza taratibu, "Ni yeye, dada?" Nikasema ndiyo.

Neno moja tu, Arvil. Nilifikiri nitalirekebisha jioni, Baba akishatulia. Jioni alikuwa amepanda nyuma ya lori, amekaa na lile sanduku, anashikilia lisirushwerushwe na barabara. Nilifikiri nitalirekebisha kesho. Kesho yake lori halikurudi kilimani, walihamia upande wa akina Ledford. Wiki tatu baadaye maji yalikuwa kwenye ngazi za kanisa. Ndipo ikaja barua yako kutoka Italia ukiuliza kama tumemtoa Mama kabla ya maji. Nikakujibu kwamba yuko salama juu, na Baba anamtembelea kila Jumapili. Hilo la Jumapili lilikuwa kweli. Uliporudi kutoka vitani ukaniambia karatasi ile uliibeba mfukoni mpaka mwisho. Ungekuwa mimi ungesema nini?

Baba aliishi miaka minane baada ya hapo. Kila Jumapili alikaa pale akimweleza habari za bustani, nani kaoa, bei ya ng'ombe, wewe umepata kazi kwenye kiwanda cha matairi. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika kofia yake. Yule mwanamke wa watu alisikiliza miaka minane habari za nyumba isiyo yake, chini ya jiwe la marumaru lenye jina lisilo lake ulilolichonga wewe. Na Baba tulimlaza kulia kwake. Nilimwacha aende na uongo wangu mpaka kaburini. Nilijiambia ni huruma. Nimekuwa na miaka arobaini na mmoja ya kulitazama jambo hili na sasa nasema haikuwa huruma, ilikuwa woga, na woga ulipozoea kukaa nikauita huruma.

Wewe siwezi kukufanyia hivyo. Ndiyo maana barua yako ilikaa chini ya kopo la chumvi.

Juzi nilipopanda kile kilima, matope yalikuwa yamekauka yakapasuka. Makaburi yaliyoachwa yako pale, na jiwe la mgeni limesimama bado mahali nilipolisimamisha mwenyewe ile siku ya mvua. Chini yake ndiko aliko Mama. Sikuwa na ua hata moja. Nilikwangua tope kwa mikono mpaka nikafika udongo wetu mwekundu, nikainua tuta, na nikaongea naye. Nilimwambia makosa yangu yote, kisha nikamwambia habari zako. Hobart alipoona nimekawia akapanda, akaniuliza kwa nini nalia kwenye kaburi la mtu wa vikapu. Nikamwambia niache. Akaniacha, akavua kofia bila kujua anamvulia nani. Nikishatuma barua hii nitaandika ya pili kwa watu wa yule mwanamke, ng'ambo ya mlima, niwaambie alipo. Wakimtaka watamchukua, na sitawazuia. Lakini wa kwanza kujua ulistahili kuwa wewe.

Sasa jibu lako. Nafasi ya kushoto iko wazi. Nimeizuia miaka yote hii, hata Zettie Proffitt alipoiomba nilimnyima. Ukitaka kulala hapo utalala, karibu na Baba, na hakuna atakayekuondoa. Lakini hutalala kando ya Mama. Kando ya Mama hakuna tena wa kulala, hawaruhusu kuzika kule, na maji yanarudi. Wametangaza kwamba wanaanza kulijaza ziwa wiki ya kwanza ya Februari. Mpaka siku hiyo mtoto wake anaweza kusimama pale kwa miguu yake miwili, baada ya hapo hawezi tena, mimi wala wewe, labda hata huyo mjukuu wako.

Kwa hiyo sikujibu ulivyoniuliza, nakuomba nami. Usingoje Dale akulete. Njoo sasa, na mitungi yako, na kikohozi chako, na hasira zako zote unizomee njia nzima kutoka mdomoni mwa bonde mpaka kichwani. Kilima kikikushinda, Hobart ana kiti na ana wapwa wawili wenye mabega. Kitanda nimekutandikia. Usipotaka kulala chini ya paa langu baada ya kusoma haya nitaelewa, utalala kwa Hobart, ila uje. Mama anakungoja wiki kumi na moja tu, na wewe na yeye hamna zaidi ya hizo.

Nisalimie Nadine, nisalimie Dale, na huyo mtoto wa Akron umpakate kwa niaba yangu. Hobart anakusalimu, anauliza kama bado unatapika. Mimi niko hapa, taa ya kibarazani siizimi.

Dada yako,
Orpha